Jinsi ya kuchagua madini ya ng'ombe bila kulipia chumvi tupu

Ng'ombe akianza kutafuna mfupa mkavu, kulamba ukuta wa banda au kuokota kandambili iliyotupwa, jibu la haraka ni "ana hamu ya chumvi", na jioni hiyohiyo jiwe la kulamba linawekwa bandani. Mimi nilifanya hivyo kwa miezi kadhaa. Mawe yalikuwa mekundu, yanapendeza. Ng'ombe waliyalamba mpaka yakabaki membamba kama kipande cha sabuni, na bado kila wakitoka malishoni hakukosekana mmoja aliyerudi na mfupa mdomoni, mate yakimchuruzika. Siku nilipoikunjua karatasi ya jiwe na kuisoma, nikakuta karibu lote ni chumvi. Fosforasi haikutajwa kabisa. Ule wekundu ulikuwa wa oksidi ya chuma, yaani kutu, ambayo mwili wa ng'ombe hauinyonyi vizuri. Na chuma chenyewe anakipata tele kwenye udongo unaoshikamana na majani.

Muuzaji hakunidanganya. Nilinunua kabla ya kujua ng'ombe wangu wanakosa nini. Ndiyo maana hatua hizi zinaanzia kwenye kihori, na gunia linakuja baadaye.

Hatua ya 1: Ondoa kwanza njaa, minyoo na kiu

Madini hayana nguvu wala protini ndani yake. Ng'ombe aliyekonda, manyoya yamesimama, haingii joto miezi mingi baada ya kuzaa, mara nyingi ana njaa. Anakula mabua makavu, au anakamuliwa kuliko anavyolishwa, au minyoo inamla kutoka ndani. Ukimpa madini ya bei ghali juu ya hayo utakuwa na ng'ombe yuleyule aliyekonda. Mpe chakula cha kutosha, mnyweshe dawa ya minyoo kwa wakati wake, hakikisha maji yapo mchana na usiku, ndipo uhesabu madini.

Kuna nyakati kanuni hii hupinduka. Huko Australia na New Zealand kulikuwa na maeneo ambako ng'ombe na kondoo walidhoofika na kufa huku wamesimama kwenye majani mengi ya kijani. Ilipofika katikati ya miaka ya 1930 ndipo ikabainika kuwa udongo wa huko ulikosa kobalti. Vijidudu vya tumbo la kwanza la ng'ombe hutumia kobalti kutengeneza vitamini B12. Bila hiyo mnyama hapati nguvu iliyomo kwenye chakula na hamu ya kula inapotea. Kwa hiyo ukiwa na majani tele, minyoo umetibu, na ndama bado wanazidi kudhoofika, madini yanastahili kushukiwa mapema.

Hatua ya 2: Orodhesha kilichomo kihorini

Andika kila kitu anachokula ng'ombe kwa siku, pamoja na maji anayokunywa. Hapa ndipo uamuzi mwingi hufanyika, na kazi yote haihitaji zaidi ya kalamu.

Kama chakula kikuu ni nyasi zilizokomaa au mabua, fosforasi ndiyo ya kutafuta. Majani yakiwa machanga huwa nayo kiasi, lakini yakikomaa na kukauka hushuka sana. Ng'ombe anayekosa fosforasi hupoteza hamu ya kula, hutembea kama mwenye maumivu ya viungo, hachukui mimba kwa urahisi, na hutafuna mifupa. Tabia hiyo ina hatari yake. Katika miaka ya 1920 daktari wa mifugo Arnold Theiler na wenzake huko Afrika Kusini walieleza kwa nini ng'ombe wa malisho makavu walikuwa wakipooza na kufa: walitafuna mifupa ya mizoga kwa kukosa fosforasi, na mifupa hiyo ilikuwa na sumu ya botulizimu. Basi ukiona mfupa mdomoni mwa ng'ombe, uondoe, okota na mingine iliyobaki malishoni, kisha tafuta madini yenye fosforasi ya kutosha.

Kama unalisha pumba nyingi, hali inageuka. Pumba ya mahindi na ya ngano zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Uwiano unaolengwa kwenye mlo mzima ni kama kalsiamu 2 kwa fosforasi 1. Ng'ombe huvumilia kalsiamu ikizidi kuliko fosforasi ikizidi. Madume na maksai wanaoshindiliwa pumba bila kalsiamu ya ziada hupata mawe kwenye njia ya mkojo: utamwona amesimama akijikamua, mkia unapandapanda, na mkojo unatoka matone. Kwa mlo kama huu, unga wa chokaa ya mifugo, wenye kalsiamu asilimia 38 hivi, unaweza kuwa na maana kuliko gunia la madini lenye fosforasi nyingi.

Lusani na majani mengine ya jamii ya kunde huleta kalsiamu kwa wingi, kwa hiyo hapo kinachopungua ni fosforasi. Silaji ya mahindi, yaani mahindi mabichi yaliyokatwakatwa na kuvundikwa, haina kalsiamu ya kutosha kwa ng'ombe anayekamuliwa.

Majani machanga yanayochipuka kwa kasi baada ya mvua, hasa yaliyowekewa mbolea, yana potasiamu nyingi, na potasiamu huzuia magnesiamu isinyonywe. Ng'ombe wanaonyonyesha ndio huathirika zaidi: anatetemeka, anashtuka kwa jambo dogo, anaanguka na kutupa miguu, na anaweza kufa kabla hujamaliza kuita msaada. Mwili wa ng'ombe hauna akiba ya magnesiamu unayoweza kuichota haraka, kwa hiyo msimu huo aipate kila siku. Kumpa leo ili imtoshe wiki nzima haiwezekani.

Kabichi na majani ya muhogo vikilishwa kwa wingi huzuia matumizi ya madini joto. Dalili huonekana kwa ndama: anazaliwa dhaifu au mfu, pengine na uvimbe kooni, pengine manyoya machache.

Kisha maji. Watu wengi hulisahau hili. Kisima chenye maji ya chumvichumvi humfanya ng'ombe apuuze madini yote yaliyochanganywa na chumvi, kwa kuwa hamu ya chumvi ndiyo inayomleta kulamba, na hamu hiyo ameshaimaliza kwenye maji. Maji yenye chuma nyingi au salfeti nyingi nayo hupunguza shaba inayofika mwilini. Ng'ombe wa namna hii huanza kupauka. Mweusi anakuwa kama wa kahawia, mwekundu anakuwa wa rangi ya majani makavu, na manyoya kuzunguka macho hufifia utadhani amevaa miwani.

Hatua ya 3: Watenge kwa hali zao

Kila lita ya maziwa hutoka na gramu 1.2 hivi za kalsiamu na karibu gramu 0.9 za fosforasi. Ng'ombe wa lita 15 anamwaga kwenye ndoo gramu 18 za kalsiamu na 13 au 14 za fosforasi kila siku, kabla hujahesabu mahitaji ya mwili wake mwenyewe. Maksai anayesimama karibu naye hana gharama hiyo. Kuwapa wote gunia moja kwa kipimo kimoja maana yake mmoja anapunjwa au mwingine anapoteza.

Ng'ombe aliyekaushwa, yaani aliyeachwa kukamuliwa akingoja kuzaa, hasa wiki 3 za mwisho, anataka uangalifu wa peke yake. Mwili wake una akiba kubwa ya kalsiamu mifupani. Ukimlisha lusani nyingi na madini ya ng'ombe wa kukamuliwa katika wiki hizo, mwili unazoea kupokea kalsiamu kutoka tumboni na njia ya kuchota mifupani inalala. Siku ya kuzaa maziwa yanavuta kalsiamu ghafla, njia ile haijaamka, na ndani ya siku 3 unamkuta amelala, masikio ya baridi, shingo imepindia ubavuni. Hiyo ndiyo homa ya maziwa; jina linapotosha, kwani mara nyingi joto la mwili huwa limeshuka. Ng'ombe wa aina ya Jersey na waliozaa mara kadhaa ndio wanaoipata zaidi. Mtamba wa uzao wa kwanza ni nadra kuipata. Kwa hiyo nunua madini ya ng'ombe waliokaushwa, yenye kalsiamu kidogo, au punguza chanzo cha kalsiamu kihorini, kisha mrudishe kwenye madini ya kukamuliwa akishazaa.

Ukifuga na kondoo, usiwaache wafikie madini ya ng'ombe. Ini la kondoo hulimbikiza shaba, na kiasi kinachomfaa ng'ombe humuua kondoo, wakati mwingine baada ya wiki nyingi za kuonekana mzima. Farasi na punda nao wawekwe mbali na madini yaliyotiwa monensini, dawa inayochanganywa kwenye baadhi ya vyakula vya ng'ombe; kwao ni sumu ya moyo.

Hatua ya 4: Soma lebo, kalamu mkononi

Picha ya ng'ombe mwenye kiwele kikubwa ipite. Tafuta kwanza kiasi cha kulisha kwa siku. Bila namba hiyo asilimia zote zilizoandikwa hazina maana, kwa sababu unalisha gramu, hulishi asilimia. Halafu tafuta fosforasi. Ni madini ya gharama kubwa kuliko mengi yaliyomo guniani, kwa hiyo ndiyo inayopunguzwa wakati mtengenezaji anataka bei ishuke. Lebo isiyotaja fosforasi kwa namba, wakati malisho yako ni makavu, irudishe rafuni.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuseme gunia la kwanza lina fosforasi asilimia 1 na linaliwa gramu 50 kwa siku: ng'ombe anapata nusu gramu. La pili lina asilimia 8 na linaliwa gramu 100: anapata gramu 8. Kumbuka yule wa lita 15 anayepoteza 13 au 14. Gunia la kwanza ni mapambo. La pili ni msaada, na kinachobaki kitoke kwenye chakula. Gawanya bei ya kila gunia kwa gramu za fosforasi zilizomo na utashangaa mara ngapi la bei kubwa ndilo rahisi.

Kwa madini yanayohitajika kidogo lebo hutumia miligramu kwa kilo. Ng'ombe anayekula kilo 12 za chakula ukiondoa maji yaliyomo anahitaji shaba kama miligramu 10 kwa kila kilo, yaani 120. Gunia lenye miligramu 1,500 za shaba kwa kilo, likiliwa gramu 100, linampa 150. Hapo inatosha. Zinki huhitajika kama miligramu 30 hadi 40 kwa kilo ya chakula, na upungufu wake huonekana kwenye kwato laini na ngozi yenye magamba. Seleniamu ni suala jingine: mahitaji ni miligramu 0.1 hadi 0.3 tu kwa kilo ya chakula, na ikifika karibu miligramu 5 inaanza kuwa sumu. Ikipungua, ndama hupata udhaifu wa misuli na mama huchelewa kutoa kondo la nyuma. Ikizidi, kwato huharibika na mkia hunyonyoka. Kwa hiyo seleniamu usiichanganye mwenyewe kwa kijiko, na usitumie kwa pamoja sindano, gunia na jiwe vyote vyenye seleniamu bila mtu aliyehesabu jumla.

Angalia pia madini yametoka kwenye nini. Shaba ya salfeti hunyonywa vizuri. Unga wa oksidi ya shaba hupita tumboni karibu kama ulivyoingia. Magnesiamu ya oksidi inafaa. Chuma ya oksidi umeshaisikia habari yake.

Chanzo cha fosforasi kinastahili swali moja kwa muuzaji. Dikalsiamu fosfeti, ambayo wengi huiita DCP, ina fosforasi asilimia 18 hivi na kalsiamu 23 hivi, na ndiyo ya kutegemewa. Mawe ya fosfeti yaliyosagwa bila kuondolewa floridi, yale ya mbolea, huonekana nafuu. Baada ya muda mrefu meno ya ng'ombe yanapata madoa na kulika, na mifupa inauma. Unga wa mifupa usiochemshwa kitaalamu unaweza kubeba kimeta. Uingereza ilipiga marufuku mwaka 1988 kuwalisha wanyama wanaocheua unga wa nyama na mifupa ya wenzao, kwa ajili ya kichaa cha ng'ombe, na nchi nyingi zikafuata. Mimi siutumii.

Hatua ya 5: Unga au jiwe?

Kwa ng'ombe wanaokamuliwa nachagua unga, bila kusita. Unapimwa, unanyunyiziwa juu ya pumba wakati wa kukamua, na unajua kila mmoja amekula. Usikadirie kwa macho: chota mara moja kwa kopo utakalotumia kila siku, pima kwenye mizani, chora mstari kwenye kopo. Konzi yangu niliyodhani ni gramu 100 ilikuwa 60 na kitu.

Jiwe linafaa kwa ng'ombe wa malishoni wasioshikwa kila siku. Shida yake ni ugumu. Ulimi unaparuza kidogo tu kila mara, na ng'ombe mbabe hulimiliki jiwe huku mnyonge akisubiri nyuma. Weka zaidi ya moja, mbalimbali, chini ya paa dogo.

Magnesiamu ya oksidi ni chungu na ng'ombe huikwepa. Ichanganye na pumba au molasi.

Mawe na unga wenye urea, chanzo cha naitrojeni kinachotiwa kwenye baadhi ya vyakula vya ng'ombe, vina sheria yao. Maji ya mvua yakituama juu ya jiwe au ndani ya kihori huyeyusha urea, ng'ombe anakunywa na kufa ndani ya saa chache akiwa amevimba tumbo. Toboa matundu chini ya kihori, ezeka juu, na usiwape ndama wadogo wala wanyama walioshinda njaa.

Hatua ya 6: Anza taratibu, kisha pima wanavyokula

Ng'ombe waliokaa muda mrefu bila chumvi wakiwekewa gunia wazi watajaza matumbo. Kama maji ni haba siku hiyo, chumvi hiyo itawafikia ubongoni: upofu, kuyumbayumba, kifafa. Wape kidogo kwa siku kadhaa za mwanzo, maji yakiwa tele, hadi pupa iishe.

Halafu hesabu. Ng'ombe 20 kwa gramu 100 kila mmoja ni kilo 2 kwa siku, kwa hiyo gunia la kilo 50 lidumu siku 25. Likiisha siku ya 10 wanakula gramu 250. Sogeza kihori mbali na maji, au angalia kama unawapa chumvi nyingine ya kutosha. Likifika siku ya 60 hawafikii hata gramu 42: lisogeze karibu na maji au mahali wanapopumzika, changanya pumba kidogo, na kumbuka maji ya chumvichumvi ya hatua ya 2. Kama kuna jiwe la chumvi tupu kwenye kona nyingine, liondoe. Limekuwa likiwashibisha hamu ambayo ndiyo uliyoitegemea.

Mpe muda kabla ya kubadili. Utafunaji wa mifupa hupungua ndani ya wiki, lakini rangi ya manyoya hungoja manyoya mapya, na kwato hungoja miezi. Ukitaka uhakika, daktari wa mifugo anaweza kuchukua damu kwa ajili ya fosforasi na magnesiamu. Kwa shaba damu hudanganya, kwani ini huendelea kuitoa akiba yake mpaka inakaribia kwisha. Kipande cha ini la ng'ombe aliyechinjwa kutoka kundi lako kitakwambia zaidi.

Ng'ombe aliyeanguka kwa homa ya maziwa au kwa kukosa magnesiamu hatibiwi kwa gunia. Anahitaji dawa ya mshipani, ikitiwa polepole, na mtu anayejua kuusikiliza moyo wake wakati inaingia. Usimnyweshe kitu kinywani. Hawezi kumeza vizuri na kitaingia mapafuni. Mlaze kifudifudi kwa kumwegemeza kwenye majani makavu, asilale ubavu, hadi msaada ufike.

Gunia likibaki nusu, funga mdomo na uliweke juu ya mbao, mbali na ukuta na jua. Madini yaliyoshika unyevu huganda mabonge, na kopo ulilolichorea mstari halipimi tena kitu kilekile. Ukiyasaga, pima upya. Na mvua zikianza au ukifungua shimo la silaji, rudi hatua ya 2 na orodha mpya, kwa maana gunia ulilolichagua kwa mabua halikuchaguliwa kwa majani mabichi.